Jinsi ya kukisoma tena kitabu cha picha ulichosomewa ukiwa mdogo

Wiki mbili kabla ya mfungo nilikuwa Tandika, Dar, nyumbani kwa mama, tunatoa vitu chumba cha nyuma kwa sababu bati linavuja, na chini ya kitanda tukavuta sanduku la chuma alilokuwa nalo kaka bweni, ndani kuna vitenge, picha za harusi, kadi za kliniki zetu wote watatu, na katikati ya hizo kadi kuna kitabu changu cha kisima. Kile cha picha. Kava la mbele limebaki nusu, jina la kitabu limeondoka na nusu ya pili, lakini Sungura yupo na kisima kipo. Nilikuwa sijakiona zaidi ya miaka 25.

Nikakaa pale pale sakafuni nikakisoma. Dakika tatu kimeisha. Na nikapata huzuni ambayo sikuitegemea kabisa, nikawa najiuliza ndo hiki tu? Sentensi mbili tatu kila ukurasa, stori ya Sungura ambayo kila mtu anaijua, wanyama wanachimba kisima wakati wa ukame, yeye anakataa kuchimba, anaiba maji, Kobe anamnasa kwa ulimbo, basi. Nikakirudisha sandukuni. Usiku nikiwa nimelala kikanirudia, kesho yake nikapanda daladala nikakifuata, na tangu siku hiyo nimekisoma sijui mara ngapi na kila mara nakuta kitu ambacho jana hakikuwepo. Kwa hiyo naandika hapa namna ya kufanya, hasa kwa mwenzangu aliyekikuta kitabu chake cha utotoni akakifungua haraka haraka akaona hakina kitu. Tatizo ni kwamba mtu mzima anasoma maneno na kuzipita picha, mtoto anakaa kwenye picha na maneno anayapata kwa masikio, sasa ukiingia na macho ya kusomea meseji utatoka mikono mitupu.

Cha kwanza kabisa, kabla hujakifungua, chukua karatasi uandike unachokumbuka. Usiruke hii. Andika nani alikuwemo, rangi gani, ukurasa gani ulikuwa unausubiri, ukurasa gani ulikuwa unaufunika kwa mkono, kiliishaje, na kama kuna maneno unayakumbuka yaandike vile vile hata kama huna uhakika. Sababu ni kwamba ukishafungua tu, picha iliyopo kwenye karatasi inakaa juu ya ile uliyokuwa nayo kichwani na ile ya kichwani hurudishiwi tena. Mimi sikuandika, ila nilipata bahati moja, mwaka jana nilimrekodia mpwa wangu voisi ya hiyo stori siku moja alipokuwa anaumwa, na ile voisi bado ipo kwenye simu ya dada. Ndo ikawa karatasi yangu. Kwenye voisi nasema kisima kilikuwa kikubwa cha bluu kimejaa ukurasa mzima, nasema Kobe alisema "mimi nachelewa lakini nafika", na mwisho nasema wanyama walimpa Sungura jembe wakamwambia na wewe chimba sehemu yako, akachimba mpaka jua likazama, ndo akanywa maji.

Hiyo ya jembe ishikilie, nitairudia.

Kama kitabu chenyewe huna, kitafute. Anza nyumbani, na usianze kwenye kabati la vitabu maana kitabu cha mtoto hakiwekwagi huko, angalia kwenye nyaraka, kwenye masanduku, kwa shangazi aliyekulea likizo. Ukikosa, pita wanaopanga vitabu vya mtumba chini Posta, ile ya Samora na mitaa inayokatiza, na ukifika pale usihangaike na jina la kitabu, elezea picha, sema "kile chenye kobe ndani ya maji". Wale jamaa wanashika vitabu siku nzima, picha wanazijua kuliko majina. Alafu ipo Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi, jengo alilofungua Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, kuna sehemu ya watoto na mtu mzima ukieleza shida yako unasikilizwa. Na kama ulisoma miaka ya tisini, kumbuka kuna Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanza 1991, uliokuwa unasaidia wachapishaji wa hapa kutoa vitabu vya watoto vya Kiswahili na nakala zinapelekwa mashuleni, kwa hiyo inawezekana kitabu chako hakikuwahi kuwa cha kwenu, kilikuwa cha shule, ulikiazima tu ukakipenda. Ukikuta muhuri ndani utajua.

Haya, umekipata. Usisome bado. Kishike kama kitu kwanza. Hesabu kurasa. Vitabu vingi vya watoto vya hapa ni vile vya kukunja karatasi katikati na kupiga pini mbili, na karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa 4, kwa hiyo jumla lazima igawanyike kwa 4, iwe 16 au 24 au 32. Ukipata 22 ujue kuna jani limechanika, na ukilitafuta kwa makini utaona kijisehemu chake kimebaki kwenye pini. Mi nilihesabu kwa wasiwasi mkubwa kwa sababu kwenye kitabu sikuuona ukurasa wa jembe. Kwenye kitabu changu Sungura anakamatwa, anapigwa, anakimbia porini, mwisho. Nikasema basi, hapa kuna jani limetoka. Nikahesabu mara tatu. 24, namba hazijaruka hata moja, pini zimeshika kutu lakini zimekaza. Kitabu kizima. Jembe halimo.

Hiyo ilinisumbua sana na nikaendelea kutafuta. Wakati natafuta ndo nikajifunza haya mengine.

Angalia uchafu. Kitabu kipya hakiambii kitu, kitabu kilichosomwa kina alama. Pembe za chini kulia ndo panapofunguliwa, zitakuwa na rangi ya kahawia ya vidole, sasa linganisha ukurasa kwa ukurasa, ule mchafu kuliko yote ndo uliokuwa unaupenda au uliokuwa unakaa nao muda mrefu. Wangu ni ukurasa wa 16 na 17. Kuna tone la mafuta ya taa pia, au nahisi ni mafuta ya taa, maana tulikuwa tunasomewa na kibatari siku za mgao wa umeme. Na katikati ya maji ya kisima kuna sehemu ndogo, kama ncha ya kidole, ambapo wino umefifia mpaka karatasi inaonekana nyeupe. Sikuelewa ni nini. Nikapita.

Sasa picha. Kata kipande cha karatasi ufunike maneno, alafu pitia kitabu chote kwa picha tu, na kila ukurasa ukae dakika nzima, weka saa kama huwezi kujizuia. Dakika ni ndefu sana ukiwa unaangalia sungura mmoja. Sekunde kumi za kwanza utaona ulichotegemea kuona, alafu utachoka, alafu baada ya kuchoka ndo macho yanaanza kutembea yenyewe.

Vitu vya kuangalia ni vingi, nataja vile vilivyonisaidia. Angalia mhusika ameelekea wapi. Sisi tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo wachoraji wengi mtu anayesonga mbele wanamuelekeza kulia, kule ukurasa unakofungukia, na anayekataa au anayerudi au anayezuia wanamgeuzia kushoto. Kwenye kitabu changu wanyama wote kwenye mkutano wameangalia kulia kule jua linakochomoza isipokuwa Sungura, yeye kageuka, na maneno hayajasema bado kwamba atakataa kuchimba. Angalia ukubwa pia, nani anachorwa mkubwa kuliko alivyo, na nani kakatwa na ukingo wa ukurasa. Na angalia ukurasa wa katikati kabisa, pale penye pini, kwa sababu pale kurasa mbili ni karatasi moja isiyokatika, mchoraji anaweza kumwaga picha kubwa bila kuogopa mstari wa katikati kuhama. Kwangu katikati ni ukame. Ardhi tupu imepasuka, kurasa zote mbili, hakuna mnyama hata mmoja. Utotoni nadhani niliufungua haraka ule ukurasa kwa sababu hauna kitu. Leo nikiuangalia najua ni ukurasa ambao mchoraji aliutunzia nafasi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo.

Mfano wa picha kufanya kazi ambayo maneno hayafanyi, na huu unaweza kuuhakiki mwenyewe ukikipata, ni kile kitabu cha Mmarekani Maurice Sendak cha 1963, Where the Wild Things Are. Mwanzoni picha ni ndogo, zimezungukwa na weupe, alafu jinsi yule mtoto Max anavyozidi kwenda mbali picha zinakua, zinakula ule weupe, mpaka zinajaza kurasa mbili zote na maneno yanaisha kabisa, wanacheza tu. Anaporudi nyumbani weupe unarudi. Na ukurasa wa mwisho kabisa hauna picha, kuna maneno machache tu kuhusu chakula chake kwamba bado ni cha moto. Mtu anaweza kuzisoma zile sentensi mara mia asijue kwamba ukubwa wa picha nao ulikuwa unamsimulia.

Tukirudi kwa zetu, kuna jambo la rangi. Ukiona midomo ya twiga imepakwa nje ya mstari, au jani la kijani lina kivuli cha njano pembeni, usidhani mchoraji alikosea. Rangi zinachapwa moja moja, samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi, kila moja na sahani yake, na sahani moja ikisogea kidogo tu rangi inatoka nje. Fungua kamera ya simu, vuta karibu mpaka mwisho, utaona picha yote ni vidoti. Nilipenda sana kujua hivi, kwa sababu ule ukungu wa njano pembeni ya masikio ya Sungura mi nilikulia nikiamini ni jua.

Na ile bluu. Kisima changu kikubwa cha bluu kilichojaa ukurasa, kwenye kitabu ni kiduara kidogo chini kulia, ukubwa wa kizibo cha soda, kote kulikobaki ni udongo wa kahawia na migongo ya wanyama wanaochimba. Nimekaa na hilo muda mrefu. Mtoto aliyekuwa anaangalia hapo aliangalia maji tu. Mi wa sasa naangalia migongo.

Baada ya picha, funua maneno, na usome kwa sauti. Kwa sauti kweli, mlango umefungwa kama unaona aibu, lakini usinong'one. Vitabu hivi viliandikwa visomwe na mdomo mmoja kwa masikio mengine, na kuna vitu havionekani mpaka uvitamke, kama mahali sentensi inapokatikia. Kwenye changu kuna ukurasa unaoishia na "Lakini siku ya tatu" na hakuna kingine, lazima ufungue. Ukisoma kimoyomoyo jicho linawahi ukurasa wa pili na ile pumzi inapotea. Anza na paukwa yako kama ilivyokuwa nyumbani kwenu, hata kama haijaandikwa, na kama kwenu ilikuwa hadithi hadithi, hadithi njoo, basi hiyo hiyo.

Tafuta pia ule ukurasa wa maandishi madogo ambao mtoto haangalii kabisa. Mwaka, mji, nani kaandika, na nani kachora, maana mara nyingi jina la mchoraji limefichwa huko kwa herufi ndogo kuliko la mwandishi na mimi hilo linaniuma. Mwaka unabadilisha kitabu. Nakupa mfano wa kitabu kinachotuhusu, Moja Means One, kilitoka Marekani 1971, maneno ya Muriel Feelings, michoro ya Tom Feelings, na mwaka uliofuata kikapata nishani ya heshima ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya michoro ya vitabu vya watoto. Ni kitabu cha kuhesabu, moja mpaka kumi kwa Kiswahili, moja ni mlima Kilimanjaro. Mtanzania ukikishika unaweza kusema mbona hiki ni cha chekechea, moja mpaka kumi nishazijua. Sasa ukijua kwamba Muriel Feelings aliwahi kuishi na kufundisha Uganda, na kwamba miaka ile Wamarekani weusi wengi walikuwa wanajifunza Kiswahili ili washike kitu cha asili yao, unaona mtoto wa kule anayefundishwa kutamka "moja" akiwa anaangalia mlima wetu. Zile namba zinakuwa na uzito mwingine kabisa.

Kuna sehemu hutaipenda na usijilazimishe. Kwenye kitabu changu mkutano wa kuamua kuhusu kisima ni wa madume watupu, majike yako nyuma yanatwanga, na hakuna anayeuliza maji ya kupikia yanatoka wapi wakati ndo wao watakaoyabeba. Na kile kipigo cha Sungura mwishoni kimechorwa kwa furaha mno, rungu limeinuliwa, fisi anacheka. Mimi siamini kwamba kwa sababu kitabu ni cha utotoni basi kisamehewe kila kitu, wala siamini kwamba kitupwe. Ukifika hapo simama, sema kwa maneno yako kinachokukera, alafu endelea. Na jiangalie uko upande wa nani sasa. Mi mdogo nilikuwa wa Sungura moja kwa moja, mjanja, analeta asali anawalaghai walinzi, anawafunga kamba anaoga kwenye maji ya watu. Leo nimeshachangia kisima cha mtaa, nimeshabeba madumu, najua majirani walivyokuwa wanapita mlango kwa mlango kukusanya hela na wapi walifungiwa, na ile picha ya Sungura ndani ya maji safi akicheka nikiiona roho inanipanda.

Alafu kisome na mtoto. Awe wa umri uliokuwa nao wewe, na muhimu, yeye ndo ashike na yeye ndo afungue. Mpwa wangu ana miaka mitano. Nilimweka mapajani, nikaanza kusoma, na mi nilikuwa nishakipitia kitabu hicho mara kumi na kitu kwa dakika zangu za kuangalia picha nikijiona nimemaliza kila kitu. Tukafika ukurasa wa 16, Sungura anakuja na kibuyu cha asali, walinzi wamekaa, kisima kiko mbele, Kobe hajatajwa bado, anatajwa ukurasa wa 20. Mtoto akaweka kidole kwenye maji.

"Mjomba, huyu nani kajificha?"

Nikamwambia hakuna mtu hapo. Akaniangalia. Akarudisha kidole pale pale. "Huyu mwenye macho."

Nikainamisha uso mpaka pua inakaribia kugusa karatasi. Ndani ya ile bluu kuna mstari mwembamba wa kijani iliyokolea, umepinda kama mgongo wa kikombe kilichofunikwa, na chini yake vidoti viwili vyeupe. Kobe. Yupo humo kurasa nne kabla ya hadithi kumtaja, kajipaka ulimbo, anasubiri. Na kile kidole cha mpwa wangu kilikuwa kimekaa sawasawa juu ya ile sehemu ambayo wino umefifia. Nilimuona Kobe utotoni. Nilimuonesha mtu, kwa kidole, usiku hadi usiku, mpaka rangi ikatoka, na nikiwa mtu mzima nimepita hapo mara kumi na kitu sikuona kitu.

Kwa hiyo mtoto akisimama kwenye ukurasa usimharakishe kisa maneno yameisha. Muulize unaona nini, alafu nyamaza.

Kabla sijafika kwa aliyekusomea, niseme haraka kuhusu kukitunza maana hali ya hewa ya Dar inavimaliza. Unyevu unaleta ukungu na kutu ya pini, na ile kutu inakula karatasi taratibu, kwa hiyo kama pini zimeshaoza zinyanyue polepole na kisu butu na ushone kwa uzi na sindano kwenye matundu yale yale, kushona ni bora kuliko pini mpya. Usipige selotepu. Inakuwa ya njano, inaacha gundi, na siku ukiitoa inaondoka na picha. Kama kina harufu ya ukungu kiache wazi mahali penye hewa na kivuli, jua moja kwa moja linafifisha rangi. Kiweke mbali na ukuta unaovuja na mbali na sakafu, mchwa wakianza hawaulizi. Na kipige picha ukurasa kwa ukurasa, mchana, karibu na dirisha, bila flashi, simu iwe juu yake imenyooka. Hizo picha zitakusaidia kumuonesha mtu aliye mbali.

Sasa aliyekusomea. Kama yupo hai nenda, na usimpelekee maswali, mpelekee kitabu. Mama ana mtoto wa jicho, haoni maandishi sasa hivi, nilimwekea kitabu mkononi akakipapasa ile nusu ya kava akasema "hiki cha Kobe". Nikamwambia mama nisomee. Akasema nitaonaje mwanangu, nikamwambia we soma tu. Akafungua, akaanza, na alikuwa anafungua kurasa kwa wakati wake kabisa, bila kuona, kwenye "lakini siku ya tatu" akasimama kama zamani, akavuta pumzi, akafungua. Tulipofika ukurasa wa 20 akabadilisha sauti, akaipunguza ikawa nzito, "mimi nachelewa lakini nafika". Mi nilikuwa nimeshaangalia ukurasa ule mara nyingi, hayo maneno hayapo. Na mwisho akafika pale kwenye rungu na fisi, akafunga kitabu nusu na mkono wake ukiwa ndani, akasema wakampa jembe, wakamwambia na wewe chimba sehemu yako, akachimba mpaka jua likazama.

Nikamwambia mama, hapo imeandikwa alipigwa akakimbia.

Akasema najua. "Ulikuwa unalia ukifika hapo. Na baba yako alikuwa ameshaanza safari zake, sikutaka ulale na mtu anayefukuzwa."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimehesabu kurasa mara tatu nikitafuta jani ambalo lilikuwa mdomoni kwa mama.

Kwa hiyo ile karatasi uliyoandika mwanzo, unayokumbuka, ukiilinganisha na kitabu na ukakuta vitu vimezidi, usivifute kwa kudhani umesahau au umechanganya na kitabu kingine. Viwekee alama, nenda navyo kwa mama, kwa bibi, kwa kaka aliyekuwa analala kitanda cha juu akisikiliza, kwa dada wa kazi kama bado mnapatana, uliza mbona hiki hakimo. Kama aliyekusomea ameshatangulia, wapo waliokuwa chumba kile kile, na kila mmoja ana kipande. Kaka yangu kwa mfano jembe halikumbuki kabisa ila anakumbuka mama alikuwa anamfanya fisi aongee kama mwenye duka wa mtaani kwetu.

Na ukishapata, andika. Usiandike juu ya kitabu chenyewe, chukua karatasi safi, penseli, maana wino wa peni unavuja kwenye unyevu, uandike maneno kama yalivyosemwa, nani alisema, na tarehe. Mimi nilimwomba mama arudie taratibu nikaandika yote, sauti ya Kobe nikaielezea nilivyoweza, jembe, jua kuzama, mpaka lile neno alilokuwa anamalizia nalo, "haya lala". Nimeikunja mara moja nimeiweka kati ya ukurasa wa 22 na 23, pale Sungura anapoinuliwa rungu, ili mpwa wangu akifika hapo aikute kwanza.